Nairobi, Arusha, Moshi, Tanga, Mombasa: safari ya fundi mitambo na bendi ya roki

Jumatano, Nairobi

Kesho tunaanza. Bendi ni watu wanne: drams, besi, gitaa la solo na dada anayeimba huku anapiga ridhimu, wote wa Nairobi kasoro mpiga besi ndo mtu wa Arusha, na mimi fundi mitambo wao wa saundi nimetokea Tanga. Wapenzi wa roki Nairobi wapo toka zamani na wanajuana, ila ukumbi uliojengwa kwa ajili ya bendi ya makelele kama yetu ni wa kutafuta kwa tochi, kwahiyo tunapiga baa, ukumbi wa harusi, uwanja wa wazi, popote penye umeme.

Naandika hii kwa sababu karibu kila shoo ikiisha mtu ananifata ananiuliza fundi mbona wiki iliyopita ilikuwa safi leo besi imejaa hivi, si mixa ni ile ile? Ni ile ile ndio. Ila mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti zote, ni kituo kimoja tu njiani. Saundi inatoka kwenye mikono ya mpigaji, inapita kwenye ampli, inategemea umeme uliopo siku hiyo, alafu ikishatoka kwenye spika inakutana na kuta, hewa na miili ya watu, na huko kote mimi sina kitufe.

Alhamisi, Nairobi

Baa ya leo ni ndogo, dari ya chini, na ukuta wa nyuma ya jukwaa ni kioo kitupu. Kioo na drams havipikiki chungu kimoja. Sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) ikipigwa inagonga kioo inarudi moja kwa moja kwenye maiki ya mwimbaji, kwahiyo kila nikimpandisha dada nampandisha na sneya na simbali zote pamoja nae. Tukaomba mablanketi mazito gesti ya jirani, tukayatundika nyuma ya drams yakiwa na mikunjo (yasivutwe yakanyooka, mikunjo ndo inasaidia), na hapo simbali zikatulia. Besi haikujali hata kidogo, blanketi haliwezi kuizuia besi.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa ampli ya gitaa. Kaka wa solo ana kichwa (ampli yenyewe bila spika) cha wati 100 cha taa zile za kizamani (valvu, vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, si taa za mwanga) na boksi la spika nne za inchi 12. Anataka kukifungua mpaka katikati, na sababu yake ni ya kweli, taa zile zinaanza kutoa ule mkwaruzo mtamu zikisukumwa, ukiifungua kidogo gitaa linakuwa la baridi halina roho. Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kama hiki akifungua hadi hapo mimi naweza kuzima spika kubwa zote na watu bado watasikia gitaa peke yake.

Watu wengi wanadhani wati 50 ni nusu ya kelele ya wati 100. Hapana. Tofauti yake ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linaisikia kidogo sana. Ili sikio likubali kwamba hapa pamepungua nusu inabidi ushuke kama desibeli 10, yani utoke wati 100 ushuke mpaka wati 10! Kwahiyo kubadilisha ampli ya 100 kwa ya 50 ni kujisumbua bure. Dawa ya leo ilikuwa nyingine. Boksi lile lilikuwa chini sakafuni, spika zinaangalia magoti yake, na sauti kali ya gitaa inatoka kwenye spika kwa mstari mwembamba kwenda mbele, haisambai kama besi, kwahiyo yeye aliyesimama mita moja toka hapo anasikia gitaa zito halina makali anaongeza trebo (sauti za juu), anaongeza tena, na yule mteja wa meza ya mbele anachomwa masikio. Tukachukua kreti mbili za soda tukaliinua boksi na kulilaza nyuma kidogo limwangalie usoni. Akapiga kodi moja akashtuka, akapunguza trebo mwenyewe, alafu volyumu akaishusha bila kuambiwa. Na hii haina gharama yoyote.

Shoo yenyewe ilienda vizuri. Sauti ya dada ilisikika maneno yote na kwangu hicho ndo kipimo cha kwanza, mengine baadae.

Ijumaa, Namanga hadi Arusha

Njia siku nzima. Namanga tulikaa muda mrefu kwa sababu ya vyombo, lazima uwe na orodha ya kila kitu na namba zake ili watu wa forodha waone unaingia navyo na utatoka navyo, nilikuwa nimeiandaa kwahiyo walihesabu wakaturuhusu. Kwenye gari nikapanga ampli ya taa isimame wima katikati ya magodoro maana mtikisiko unalegeza taa kwenye soketi zake, na lehemu za jeki zinakatika taratibu bila wewe kuona mpaka siku ya shoo.

Mazungumzo ya njiani yalikuwa ni ile bendi ya Uingereza, The Beatles, pale Shea Stadium New York, Agosti 1965. Watu zaidi ya 55,000, ampli za gitaa ni za wati 100 walizotengenezewa na kampuni ya Vox, na sauti za kuimba zinapita kwenye spika za uwanja zile za kutangazia mechi ya besiboli. Hawakuwa na monita (spika ya kumrudishia mpigaji sauti) hata moja mbele yao. Mpiga drams wetu akauliza sasa walikuwa wanasikilizana vipi, na jibu ni kwamba walikuwa hawasikilizani, mpiga drams wao Ringo Starr ameshasema alikuwa akiwaangalia wenzie wanavyotikisika mgongoni ajue wimbo umefika wapi. Mimi nikisikia mtu analalamika kwamba roki ya zamani ilikuwa haihitaji mafundi huwa namkumbusha hiyo shoo.

Jumamosi, Arusha

Uwanja wa wazi, jenereta. Hapa naomba nikae kidogo maana umeme ndo kitu ambacho watu wa bendi hawakifikirii kabisa na kinaharibu saundi kuliko mixa mbaya.

Kwanza nimefika na mita yangu. Soketi ya jukwaani bila mzigo inasoma volti 228, nzuri. Tukawasha taa za jukwaa na friji za wauza vinywaji ikashuka 196. Promota anasema jenereta ni kubwa inatosha, na kwa karatasi kweli inatosha, ila Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na jenereta isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa ni nyepesi injini haipati oksijeni ya kutosha. Ukipiga hesabu hapa imeshapungua karibu sehemu moja ya sita au ya saba. Alafu ekstensheni ya kutoka kwenye jenereta ilikuwa ndefu, nyembamba, na nusu yake imeviringishwa kwenye gurudumu lake, ukiishika ni ya moto. Waya ulioviringishwa ukibeba mzigo mkubwa unajipika wenyewe.

Volti zikishuka ampli ya taa inakosa nguvu, gitaa linakuwa laini kama limechoka, spika kubwa zinakwaruza mapema kiki (dramu kubwa ya mguu) ikipigwa, na mixa ya dijitali inaweza kuzima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Tukaomba friji zihamishiwe kwenye umeme wa jengo la jirani, tukaweka waya mnene na kuufungua wote, mixa nikaiweka kwenye betri yake ya akiba. Ikapanda 221.

Pili ni muungurumo. Besi ilikuwa inaunguruma mmmmm muda wote hata asipopiga, ile sauti ya hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) ambayo ndo mapigo ya umeme wetu huku. Mara nyingi inatokea pale ampli ya jukwaani inapata umeme sehemu moja na mixa inapata sehemu nyingine, alafu waya wa saundi unaziunganisha na ethi mbili (waya za usalama zinazopeleka umeme ardhini) zinaanza kupishana kupitia huo waya. Kijana mmoja wa mitambo ya pale akaja na koleo, anataka kukata mguu wa ethi kwenye plagi ya ampli, anasema huwa wanafanya hivo na muungurumo unaisha. Unaisha kweli! Na mpigaji nae anaweza kuisha. Mwaka 1972 pale Swansea, Wales, Les Harvey mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki jukwaani mbele ya watu, vyombo havikuwa na ethi sawasawa, umeme ukamuua pale pale. Mtu ameshika gitaa lenye nyuzi za chuma mkono mmoja na mdomo uko kwenye maiki ya chuma, yeye ndo waya. Nikamwomba yule kijana arudishe koleo kwenye boksi, tukavuta umeme wa mixa toka soketi zile zile za jukwaani, na besi nikaipitisha kwenye kiboksi cha DI (kinachopeleka saundi ya ala kwenye mixa) chenye swichi ya kutenganisha ethi ya upande wa saundi tu. Kimya. Ethi ya umeme haiguswi, hata promota akinuna.

Jioni baridi ikashuka kwa kasi kama kawaida ya Arusha. Mchana wakati wa saundi cheki ilikuwa kama nyuzi joto 27, tunapanda jukwaani iko 17. Nyuzi za gitaa zikibanwa na baridi zinapanda, magitaa mawili yalikuwa yameshaachana kidogo kabla hata ya wimbo wa kwanza, ikabidi watyuni upya mbele za watu. Na mwendo wenyewe wa sauti unabadilika, kwenye nyuzi 27 sauti inakimbia kama mita 347 kwa sekunde, kwenye 17 ni kama 341. Tulikuwa na spika za pili mita 40 nyuma kwa ajili ya watu wa mbali, zile lazima uzicheleweshe ili zitoke pamoja na sauti inayotoka jukwaani, mchana dilei ilikuwa milisekunde 115 usiku nikaiweka 117. Ni kidogo, ila nikisimama pale nyuma sneya inasikika moja badala ya kuwa na kivuli.

Usiku wa baridi pia sauti inasafiri mbali zaidi, hewa ya chini inapoa kabla ya ya juu na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea juu. Majirani wa mbali walituma mtu. Nikapunguza sabufa, mbele hakuna aliyegundua.

Jumapili, Moshi

Ukumbi wa sherehe, saruji juu chini na pande zote, vigae sakafuni, madirisha makubwa. Piga kofi moja unasikia makofi kumi yanakimbizana kutoka ukuta hadi ukuta. Saundi cheki ilikuwa mateso lakini nilishawaambia wasikate tamaa maana ukumbi ulikuwa mtupu, watu wakijaa miili na nguo zao zinameza sauti za juu na za kati, kwahiyo usirekebishe ukumbi mtupu ukafurahi, utakuja kukuta saundi imekufa usiku. Mimi naacha simbali na sauti ziwe kali kidogo kuliko ninavyopenda, najua nani anakuja kuzimeza.

Lakini besi watu hawaimezi, na hapa ndo palikuwa na kisa. Mpiga besi akipiga noti zote ziko sawa, akifika A ya chini ukumbi mzima unavimba, glasi zinacheza mezani. Akasema labda pikapu ya gitaa lake mbovu. Nikamwomba aishikilie hiyo noti tu nami nitembee toka ukuta mmoja hadi wa pili. Pembeni ya ukuta besi kubwa, nikipiga hatua mbili inapotea kabisa, katikati ya ukumbi inarudi kubwa, inapotea tena, inarudi kwenye ukuta wa pili. Gitaa halina kosa. A ile ni hezi 55, wimbi lake moja lina urefu wa mita sita na robo hivi, na upana wa ukumbi tulipopima kwa futi kamba ulikuwa karibu huo huo. Wimbi linaenea ukuta hadi ukuta sawasawa, kila likirudi linakuta mwenzie linamwongezea nguvu.

Ikwalaiza (vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti za juu, kati na chini) inasaidia, nilikata hezi 55 kwa ukanda mwembamba, ila ikwalaiza haijui umekaa wapi, yule aliyekaa sehemu ambayo besi imepotea unampotezea zaidi. Kilichosaidia kweli ni kuhamisha. Ampli ya besi ilikuwa imegandishwa ukutani, tukaisogeza hadi pale ambapo noti ilikuwa inapotea, robo ya upana wa ukumbi, sabufa nazo hivo hivo. Ukiweka chanzo sehemu ambayo wimbi halina nguvu unashindwa kuliamsha vizuri. Uvimbe ukapungua sana, na kwenye nyimbo mbili mpiga besi akakubali kupiga A ya juu. Nampenda sana huyu kaka kwa hilo, wapo wapigaji ambao hawabadilishi noti hata ukumbi ubomoke.

Jumatatu, njiani kwenda Tanga

Same, Mombo, Segera, joto linazidi kila tukishuka. Nimewazuia kuweka muziki mkubwa kwenye gari. Masikio yakishindiliwa kelele usiku na upepo wa dirisha mchana kutwa yanapoteza usikivu wa sauti za juu kwa muda, na fundi au mpigaji mwenye masikio yaliyochoka anaongeza trebo bila kujijua. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 walitoa kiwango cha kumbi za burudani, wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na mimi hicho ndo nafuata hata kwa bendi ya roki. Mpiga drams ameanza kuvaa plagi za masikio tangu Arusha na ajabu anapiga kwa upole zaidi, maana simbali hazimchomi tena basi hazipigi kwa hasira.

Jumanne, Tanga

Nyumbani. Joto na unyevu mpaka nguo inagandana na mwili. Vyombo tulivitoa chumba chenye eyasii mchana, na chombo cha baridi kikikutana na hewa ya pwani kinatoa jasho, maji kabisa juu ya mixa na kwenye maiki. Nikaviacha ndani ya makava yake mpaka vikapata joto la nje taratibu, ndo nikafungua na kuwasha. Shingo za magitaa nazo, mbao inakunywa unyevu inavimba, nyuzi zinakaa juu zaidi ya ilivyokuwa Nairobi na kaka wa solo anabonyeza kwa nguvu noti zinatoka juu kidogo. Kageuza skrubu ya shingo kidogo sana, akaacha.

Hewa ya unyevu ina zawadi yake lakini. Hewa kavu inameza sauti kali kuliko hewa yenye unyevu, kwahiyo hapa simbali na makali ya gitaa yanafika nyuma bila mimi kusukuma. Nilipunguza trebo ya spika kubwa ukilinganisha na Arusha.

Ukumbi una paa la mabati bila dari, na mvua ikanyesha wimbo wa tatu. Huwezi kushindana na mabati. Wakacheza wimbo mmoja wa ala tupu, mrefu, mpaka ikapungua.

Tatizo la leo lilikuwa mluzi, monita zinapiga mluzi kila dada akija mbele. Nikamwangalia anavyoshika maiki, ameifunika kichwa chake chote kwa kiganja kama marapa wanavyofanya. Maiki za jukwaani zimetengenezwa zisisikie nyuma, na zinafanya hivo kwa kutumia vitundu vya nyuma ya wavu, ukivifunika inaanza kusikia pande zote ikiwemo monita iliyo miguuni. Dada akashusha mkono kwenye mpini, mluzi ukakata hapo hapo.

Saundi cheki alikuja mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za hapa zamani, Tanga ya bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ni mji wa magitaa jamani, roki si mgeni hapa kama watu wanavyodhani. Nikampa shikamoo akaitikia akakaa karibu na mixa. Alisikiliza nyimbo mbili akaniambia, "Mwanangu, hawa wanapiga vizuri ila kila mmoja anajisikiliza mwenyewe. Sisi tulikuwa na maiki mbili bendi nzima, mtu wa solo akitaka kusikika wenzie wanashuka." Nikamwomba awaambie wenyewe. Akapanda jukwaani akawaambia. Wimbo uliofuata, dada alipoingia kuimba, ridhimu na solo zote zilishuka, na mimi sikugusa kitu kwenye mixa. Hiyo ndo mixa bora niliyopata safari nzima na ilitoka jukwaani.

Alhamisi, Mombasa

Tumevuka mpaka wa Horohoro, orodha ikahesabiwa tena, feri ya Likoni, tukafika mchana. Shoo ni ya bendi kadhaa ufukweni, kila bendi inapewa robo saa ya kubadilishana vyombo, hakuna saundi cheki, ni kuangalia tu kila laini inafika. Hapa unajua nani amejiandaa. Nimeandika karatasi moja, laini kumi na mbili kwa mpangilio, kiki kwanza sauti mwisho, maiki gani na nani anasimama wapi, nikampa fundi wa pale mapema nae akashukuru maana bendi nyingi zinakuja na maneno tu.

Upepo wa bahari ulikuwa unavuma pembeni ya jukwaa na kuzipeperusha sauti za juu, ukisimama sehemu moja simbali zinakuja na kuondoka. Hilo halina dawa kwenye mixa, wengi wanaongeza trebo upepo ukichukua alafu upepo unatulia watu wanachomwa. Niliiacha. Sabufa zilikuwa kushoto na kulia mbali mbali, katikati besi nzito, ukienda pembeni mawimbi mawili yanafutana besi inapotea. Kwa ruhusa ya mwenyeji tulizikusanya zote katikati mbele ya jukwaa, na besi ikaenea sawa kwa wote mpaka kwa wauza mihogo.

Kaka wa solo kafanya jambo ambalo Nairobi angekataa. Ameacha boksi kubwa ndani ya gari, katumia ampli ndogo ya wati 15 aliyoazima kwa bendi ya hapa, kaifungua mpaka inakwaruza vizuri, iko juu ya kreti inamwangalia, na mimi nimeiwekea maiki nikaipeleka spika kubwa kiasi nilichotaka. Gitaa lilikuwa kubwa kuliko siku zote huko mbele na jukwaani dada alikuwa anajisikia bila kupiga kelele, koo lake lilikuwa zima mpaka wimbo wa mwisho.

Baada ya shoo nilifuta kila jeki na kila plagi kwa spiriti kabla ya kufunga, chumvi ya pwani ikibaki humo wiki moja inaanza kula chuma na kukwaruza. Meneja nimeshampa mahitaji ya safari ijayo: waya mnene wa umeme wetu wenyewe mita 50, ampli ndogo moja ya taa, plagi za masikio kwa wote, na mapazia mazito mawili tusiwe tunaazima mablanketi ya gesti.